Ilikuwa Ngano, Mama

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya kabati la vyombo, kwa sababu kila nikikaa nainuka. Kuna mkate jikoni na nimeshaufunua mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Ungenichapa mkono. Ulikuwa unasema, "Unga unataka kuachwa, Nyangi. Uache." Huu unga wangu wa siku hizi sijui unataka nini. Ukiuacha unalala, ukiusumbua unabomoka.

Nina habari yako, na nimezunguka nayo nyumbani humu kama mtu aliyepoteza ufunguo. Wacha niiseme, halafu nitaeleza. Hakuwa shangazi Robi, Mama. Aliyekuumiza hakuwa yeye. Ilikuwa ngano.

Unalikumbuka banda lako pale senta ya Kisaka? Mimi nakumbuka nyusi zako zikiwa nyeupe kwa unga kabla hakujakucha vizuri, na mafuta yakilia kwenye karai, na wewe ukiniambia nisogee nisirukiwe. Maandazi mazuri uliyapanga kwenye beseni la wateja. Yaliyoungua uliyala wewe na chai ya rangi, ukisema hayauziki na dhambi kuyatupa. Hicho ndicho kilichokuwa kifungua kinywa chako, na mara nyingi chakula cha mchana pia. Mchana ulijilaza nyuma ya banda ukiwa umeshika tumbo. Lilijaa kama ngoma huku mikono yako ikizidi kuwa myembamba. Kanga iliyokuwa inakuzunguka mara moja ikawa inakuzunguka mara mbili.

Halafu ulikuwa unakwenda kwenu Busawe kupumzika. Kule bibi alikupikia ugali wa mtama na maziwa ya mgando, na baada ya muda ulirudi na mashavu. Nilikuwa nakukimbilia njiani. Ulicheka, ulibeba ndoo ya maji mwenyewe, uliwasha moto wa maandazi kama zamani. Haukupita muda mrefu, ukalala tena nyuma ya banda.

Watu waliona hayo kama nilivyoyaona mimi, ila wao waliyapa maana. "Akiwa kwao anapona. Akirudi kwa mumewe anaumwa. Hapo kuna mtu." Na mtu akatafutwa, akapatikana haraka. Shangazi Robi alikuwa mjane, hakuwa na mtoto, boma lake lilipakana na letu, na alikuwa na tabia ya kuongea peke yake akipalilia. Wajomba walikuja kutoka Busawe wakakaa na Tata, mumeo, muda mrefu, na walipoondoka hakuna aliyekwenda tena kuomba moto kwa shangazi. Wewe mwenyewe ulinivuta karibu, sauti yako ikiwa chini, ukaniambia: "Usile kwa shangazi yako. Hata maji."

Sikulaumu, Mama. Ulikuwa unakufa na ulitaka kujua kwa nini. Nami nilikuwa mtoto. Maneno yako yaliingia kwangu kama amri za kanisani, yakakaa.

Shangazi akahamia upande wa Manchira, peke yake. Tata hakumfukuza. Wala hakumzuia. Baadaye akawa anapita kumsalimia mara moja moja. Anakaa nje kwenye kigoda, anauliza habari za mvua, anasema ameshiba, anaondoka.

Na ulipolala kabisa, Tata alipanda baiskeli mpaka Mugumu kukuletea mkate. Mkate ndio chakula cha mgonjwa, kila mtu anajua hivyo. Alikukalisha, akauchovya kwenye chai, akakulisha kidogo kidogo kama kifaranga. Ulimshukuru kila mara. Nilikuwa mlangoni, nikitamani unibakishie ganda.

Sasa nije kwangu. Baada ya kumzaa mtoto wa pili tumbo langu lilianza kuwa lako. Nilitibiwa amiba, nikatibiwa taifodi, nikanywa dawa za minyoo, damu ikapungua, vidonda vikanijaa mdomoni. Mbele ya cherehani yangu nilikuwa nasinzia mguu ukiwa kwenye pedeli. Kuna waliosema, "Yamerudi yale ya mama yake." Nami niliyaamini, nisikufiche. Nilihesabu ni nani nimekula kwake. Mwisho mume wangu Mwita alikataa mazungumzo hayo, akanipeleka Mwanza. Wakanipima damu, wakaniingiza mpira wenye kamera tumboni, na siku ya majibu daktari, dada mmoja mpole, akaniambia mwili wangu haupatani na ngano. Akautaja ugonjwa: seliaki. Si ngano tu, hata shayiri. Mkate, chapati, andazi, vyote basi, maisha yote.

Halafu akauliza, "Kwenu kuna mtu aliyewahi kuumwa hivi? Huwa unatembea kwenye ukoo."

Mama, nilikuona palepale. Nilikuona na mashavu yako ya Busawe. Nikamweleza yote, maandazi, mtama wa bibi, mkate wa Tata. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Siwezi kumpima marehemu," akasema. "Lakini ulivyonieleza, ningemwambia aache ngano."

Tangu hapo sijatulia.

Mwita yeye hakushangaa. Anapika kwenye kambi ya watalii kule hifadhini, na kila msimu anafika mgeni mmoja au wawili wasiokula ngano. "Tunawaokea mkate wao," akaniambia. "Kuna unga maalumu. Nilidhani ni maringo ya Wazungu." Likizo iliyofuata akaniletea pakiti. Ndani mna unga wa mchele, wanga wa muhogo, wanga wa viazi, na kijiunga fulani cha kushikamanisha, maana bila ngano hakuna kinachoshika kingine.

Ungecheka hadi kulia. Pakiti ya kwanza niliikanda kama ulivyonifundisha, kwa nguvu, kwa kisigino cha mkono, ikanishika vidole kama ulimbo. Mwita akapiga kelele, "Usikande! Huo unakorogwa kama uji!" Nikakoroga. Nikaweka kwenye sufuria, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko. Ukaumuka vizuri mpaka nikaita watoto, halafu mbele yetu ukazama katikati kama kaburi jipya baada ya mvua. Pakiti nyingine, ya aina tofauti, aliyoniagizia fundi mwenzangu anayefuata vitenge Sirari, ilitoa kitu kikavu, ukikishika kinamwagika. Nyingine ilikuwa nzuri kwa nje, mbichi kwa ndani. Mwita anasema kambini wana oveni ya gesi na mizani, nisijilinganishe. Lakini siachi. Ugali wa udaga wa muhogo ninao, wali ninao, njaa haipo. Ni kitu kingine. Nadhani natafuta andazi lako lisiloniua.

Unajua kazi iko wapi? Harusini. Sahani ya kila mtu ina chapati, mimi naiweka pembeni, na macho yote yanakuja kwangu. Huku kwetu ukikataa chakula cha mtu umemwita mchawi bila kufungua mdomo. Hapo ndipo nilipoanza kumfikiria shangazi Robi kwa namna ambayo sikuwahi. Kila nikioka nilimwona. Na nilijua siwezi kumsafisha yeye bila kumgusa Tata. Nimwambie mzee kwamba dada yake hana kosa, na mkate wake je? Nilikaa na jambo hilo kinywani mpaka likawa chungu.

Halafu Tata akaja huku kwangu Mugumu kutazamwa macho. Akanikuta jikoni na pakiti yangu mpya. Akakaa mlangoni, kofia magotini.

"Unapika nini kinachohangaisha hivyo?"

"Mkate, Tata. Usio na ngano."

"Mkate usio na ngano ni mkate gani?"

Nikamweleza ugonjwa wangu. Nilikusudia kuishia hapo. Lakini Tata macho ndiyo yanafifia, akili haijafifia. Akauliza, "Unatoka wapi, ugonjwa huo?"

"Unarithiwa."

"Kwangu au kwa mama yako?"

Nikageukia sufuria, nikapanga upya makaa juu ya mfuniko. Tata akaanza kulifuata jambo mwenyewe, polepole, kama mtu anayefuata nyayo za ng'ombe. Akataja banda. Akataja Busawe. Kisha akasimama.

"Na ule mkate niliokuwa naleta?"

"Tata, hakuna aliyejua. Hata daktari angemletea."

"Nilikuwa nauchagua," akasema. "Nilikuwa naubonyeza mmoja mmoja dukani, nachagua ulio laini."

Akageukia ukutani. Mabega yake, Mama. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku ya mazishi yako. Nilimwacha, nikatoa mkate motoni ili mikono yangu iwe na kazi. Uliiva. Sura mbaya, lakini uliiva. Alipogeuka alikuwa amevaa kofia.

"Basi dada yangu hana kosa."

"Hana, Tata."

"Twende."

"Lini?"

"Sasa hivi. Nimechelewa vya kutosha."

Nikafunga mkate kwenye kitambaa, tukachukua bodaboda mbili hadi Manchira. Shangazi alikuwa uani anapepeta wimbi. Amezeeka, amekuwa mdogo. Alipotuona wote wawili ungo ulisimama hewani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Akamtazama Tata. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," Tata akasema. "Tumekuja kula."

Shangazi aliweka ungo chini, akaingia ndani. Tukamsikia akivunja kuni, akifungua debe, akihangaika na vyombo. Tulikaa sana. Kisha harufu ikatoka, na tumbo langu likaitambua kabla yangu. Chapati. Alikuwa amepata wageni wa kula, akatupikia kile ambacho mtu humpikia mgeni anayempenda. Ilikuwa harufu yako, Mama, harufu ya asubuhi zako zote.

Akazileta zimefunikwa kitambaa safi. Akatunawisha. Tata akachukua, akakata, akala, akachukua tena, machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta. Mimi mikono yangu ilikuwa inadondosha maji magotini.

Shangazi akaiangalia ile mikono.

"Wewe bado," akasema. Hakusema kwa hasira. Ningefurahi angekasirika.

Nikaanza kueleza, maneno yakinikwama: Mwanza, damu, kamera, ngano. Alitikisa kichwa kwa upole, kama mtu anayesikiliza wimbo anaoujua. Nikaelewa. Kila mtu aliyekataa chakula chake alikuwa na ugonjwa. Mmoja jino, mwingine tumbo, mwingine amefunga. Na mimi nimeleta wangu mpya, wenye jina la kizungu.

Tata akataka kunisaidia. Nikamzuia. Pembeni ya mafiga niliona sufuria ndogo ya uji, na juu yake kikombe cha bati kilichoachwa na mtu aliyekatizwa.

"Shangazi, ule uji ni wa nani?"

"Wangu. Wa wimbi. Umelala, umechacha."

"Una ngano ndani?"

"Ngano ya nini kwenye uji?"

"Nipe huo."

"Nikuoshee kikombe."

"Hapana. Hicho hicho ulichonywea."

Alisimama kidogo. Kisha akamimina, akanikabidhi kwa mikono miwili. Mama, nisamehe, sauti yako ilikuja. Hata maji. Ilikuja wazi kama uko nyuma yangu. Nikanywa. Ulikuwa mchachu, wa baridi, una makapi kidogo. Yeye alinisimamia mpaka nikamaliza, kama wanavyosimamiwa wagonjwa wa dawa. Akachukua kikombe, akatazama ndani, akamimina tena bila kuniuliza. Nikanywa tena.

Ndipo alipokaa. Akaufungua mkate wangu, akamega, ukamwangukia mapajani kwa makombo. Akatafuna akiwa amekunja uso.

"Huu umeoka wewe?"

"Mimi, shangazi."

"Bhoke angekucheka sana."

Alitaja jina lako, Mama. Alilitaja kama mtu anavyolitaja jina la rafiki. Halafu akaanza kuhadithia mlivyokuwa mnakwenda kisimani pamoja ulipoolewa tu, ulivyokuwa huwezi kubeba mtungi wa kwetu ukalowa mgongo mzima, na yeye akakupa wake mdogo bila mama mkwe wako kujua. Sikuwahi kuisikia hiyo. Hukuwahi kuniambia mlipendana. Sasa hilo nalo linanizungusha: ulisahau, au ndilo lililokuuma zaidi?

Sina uhakika wa mambo mengi. Daktari alisema hawezi kumpima marehemu, na mimi nakupima kila siku kwa kumbukumbu, mara naona sawasawa, mara naogopa nimejitengenezea majibu. Wajomba nimewapigia simu; mmoja alinisikiliza, mmoja alikata. Nitawafuata Busawe, nitaongea nao ana kwa ana, hata wakinifukuza. Tata siku hizi anapitia Manchira kila anapokuja mnadani, anarudi na mafuta mdomoni.

Wewe ndiye wa mwisho kuambiwa, na ndiye niliyetaka kukuambia kwanza. Shangazi amezeeka, Mama. Siku moja atafika huko uliko, na atasita, maana hajui kama unamtaka. Wewe ndiye umtangulie kumsalimia. Mpe chakula, nawe ule chake.

Mimi ni yule uliyenizaa ukanipa na tumbo lako,

Binti yako wa kwanza,
Nyangi