Mzee Anayetokea Bwawani

Jumapili, jioni, Mkata. Mawingu yalikuja mchana, yakazunguka, yakaenda zao bila kuacha hata tone. Joto limebaki humu ndani pamoja nami. Mwili umechoka na safari lakini usingizi nauona mbali, basi acha niandike.

Leo nimepanda mashua kwenye lile bwawa.

Nilishaapa sirudi pale. Ila Zaina, binti yangu, ana tabia ya kukuletea furaha hadi mlangoni. Ukiikataa, mbaya ni wewe. Juzi kanipigia simu: "Mama, Jumapili nakutoa. Umekaa na hiyo cherehani mpaka mnafanana." Hakusema tunakwenda wapi. Tulipopita Segera nikadhani ni Korogwe mjini, tukale kuku turudi. Gari likaacha lami, likaingia kwenye mikonge, nikajua tunakwenda bwawani.

Zaina anajua babu yake alipotea zamani. Sikuwahi kumwambia ni wapi.

Bwawa lile lilichimbwa enzi za mkoloni kwa ajili ya shamba la mkonge. Wenyeji walitusimulia kwamba meneja Mzungu ndiye aliyepandikiza perege, na kila Jumapili alikuja na kiti chake cha kukunja, akavua, akamtazama samaki wake, kisha akamrudisha majini. Watu walikuwa wakijificha kwenye mikonge wacheke. Mtu mzima na akili zake, anamrudisha kitoweo! Ukaja Uhuru, mashamba yakataifishwa, meneja akaenda kwao, na perege wakabaki wanazaana bila wa kuwasumbua.

Sisi tulifika mwaka wa Operesheni, watu walipohamishiwa vijiji vya Ujamaa. Nilikuwa mdogo, ndio kwanza najifunza kubeba maji kichwani bila kushika. Tuliletwa kwa lori kutoka upande wa Sindeni, mahindi yetu tukayaacha yamesimama shambani. Walisema huku kuna maji. Ni kweli, maji yalikuwepo, na nyumba zikapangwa kwa mistari kandokando ya bwawa.

Baba yangu alikuwa Mwenjuma Mhando. Uvuvi aliujua wa Mto Msangasi. Kiangazi mto ule hukatika, yakabaki madimbwi. Hapo wanaume huchuma utupa, wanawake huyatwanga yale majani, yakamwagwa dimbwini. Samaki hulewa, huelea, mnaokota. Mvua ya kwanza ikishuka, mto unajiosha wenyewe. Babu zake walifanya hivyo na samaki hawakukoma.

Sasa ikaja habari kwamba kuna mgeni mkubwa anatoka mkoani kuja kuona maendeleo ya kijiji. Mwenyekiti wetu aliona aibu kumlisha kisamvu wakati bwawa limejaa perege. Nyavu hatukuwa nazo, na ndoano haiwezi kushibisha ugeni. Akaja kwetu, akamkuta Baba uani, mimi niko jikoni nachochea moto. "Mzee Mhando, fanya kama mnavyofanya kwenu." Nimeyasikia kwa masikio yangu haya.

Mama akatwanga asubuhi nzima.

Mgeni alikula, akasifu, akaomba aongezewe, akapanda Land Rover yake akaondoka.

Lakini bwawa si mto. Maji yake hayana pa kwenda. Kesho yake wakaelea wakubwa waliobaki. Halafu wakafuata wadogo, wadogo kabisa, kama kucha za mtoto, ukingo mzima ukawa mweupe. Harufu iliingia kwenye ugali, kwenye nguo, kwenye nywele. Maji ya kunywa tukaanza kuyafuata mbali. Baba alikuwa anakwenda pale kila asubuhi, anasimama, anarudi anamwambia Mama, "Yatasafika." Alikuwa anangoja mkondo. Mwee, baba yangu! Mkondo utoke wapi?

Ukaitishwa mkutano wa kijiji. Hapo ndipo lilipotoka lile neno, hujuma. Nyie wa leo hamlijui uzito wake. Wakasema ametia sumu kwa makusudi kwa sababu hakutaka kuhamishwa. Mwenyekiti alikuwa amekaa mezani, anatazama mikono yake. Baba alimtazama yeye tu, na hakumtaja. Mpaka leo nagombana na Baba kwa hilo. Nikiwa nashona, mguu uko kwenye pedeli, najikuta nasema, sema basi, Baba, sema umetumwa. Labda aliona haya kumwaibisha mwenzake mbele ya watu. Labda alidhani mwenzake atajisemea mwenyewe.

Asubuhi hatukumkuta kitandani.

Wapo waliosema amerudi Sindeni kwenye mahame yetu. Wajomba walikwenda, wakakuta nguruwe wamemaliza mahindi, mtu hakuna. Wapo waliosema ameingia bwawani. Maji hayakumtoa. Mama hakukaa eda, maana hakuna aliyethubutu kumwambia kuwa amefiwa. Kila alipopika aliacha kidogo sufuriani. Mama yangu amekufa akiwa bado mke wa mtu.

Basi leo nimevalishwa koti la kuelea, nimekalishwa kwenye mashua pamoja na Zaina na vijana kutoka Tanga waliokuja kuvua kwa kujifurahisha. Samaki wamepandikizwa upya, wapo tele. Kijana mmoja akampata perege, akapiga naye picha, akamrudisha majini, wenzake wakampigia makofi. Mwenye mashua anaitwa Hatibu, mtu wa makamo kidogo, mcheshi. Tulipofika katikati akaacha kupiga kasia, akapunguza sauti.

"Hapa ndipo anapotokea Mzee Utupa. Zamani za Ujamaa alikuwepo mchawi mmoja, roho mbaya, akaua samaki wote kwa sumu, naye akazama na kinu chake. Ukisikia kitu kinatwanga huko chini, kunja ndoano yako uende nyumbani."

Dada mmoja akapiga yowe. Wengine wakacheka. Zaina naye akacheka, mwanangu, na meno yale yale ya babu yake.

Nikasema, "Huyo ni baba yangu."

Zaina akanishika mkono, akaubana mpaka ukauma. Hatibu akavua kofia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Naomba unisamehe. Sisi tumeyakuta yanasemwa hivyo."

Nikamweleza. Nilimweleza yote pale pale juu ya maji, mbele ya wageni, habari za mgeni wa mkoani, za mwenyekiti aliyekuja uani kwetu, za mto unaojiosha na bwawa lisilojiosha. Nilidhani nitalia, sikulia. Nilikuwa na hasira, na hasira ilinisaidia kusema vizuri. Zaina ndiye aliyelia.

Kisha nikamuuliza Hatibu swali ambalo hata mimi sikujua kama ninalo. "Na wewe umeshamwona?"

Akashusha macho. "Kusema kweli, bibi, hapana. Ni maneno tu ya kuchangamsha wageni. Hakuna anayetokea."

Alidhani ananituliza. Nilitaka aseme ndiyo. Nilitaka aseme amemwona, amevaa ile kanzu yake iliyochanika begani, amesimama ukingoni anangoja maji yasafike. Ningemwambia anipeleke saa ile ile. Watu wazima huogopa mizimu. Mimi nilikaa kwenye ile mashua nautazama ukingo kila upande, nikitafuta mtu mmoja mrefu. Wakavua, wakapiga picha, jua likaegemea mikonge, na mimi natafuta.

Tuliposhuka Hatibu akanifuata hadi kwenye gari. Akaniahidi hataisimulia tena hadithi ile, na wenzake atawakataza.

Nikamwambia hapana. Isimulieni, ila semeni alitumwa. Na hilo jina la Mzee Utupa mlifute, mwiteni Mwenjuma Mhando.

"Na habari ya kutokea, bibi? Tuitoe?"

Iacheni, nikasema. Mkimtoa na hapo, mimi nitamtafuta wapi?