Mimi Si Mama Yako

Baba,

Shikamoo. Safari hii huwezi kuniwahi kuamkia, kwa hiyo sikiliza. Nina hasira na wewe, na sitaipunguza kwa sababu umekufa.

Tangu tukuzike Buswelu, dada yako hanipi nafasi ya kupumua. Mimba yangu imeshakuwa kubwa, na shangazi keshaamua kwamba ni mtoto wa kiume na ataitwa Masanja, jina lako. Jana kaja na kitenge na kuku, akaniwekea mkono tumboni bila kuniomba, akasema, "Kaka yangu karudi." Nikautoa ule mkono. Kanuna. Na apasuke.

Jina ndilo lililoniponza. Ulinipa la mama yako, Kabula, na kama wanavyofanya watu wetu, toka nanyonya ukawa unaniita mama. "Mama, niletee maji." "Mama, hesabu umefaulu?" Nilijidai nalo hadi shuleni.

Kisha, nimeshakuwa mtu mzima, mishipa yako ya shingo ikawa myembamba. Daktari akasema damu haipandi vizuri kichwani, usipopasuliwa utapata kiharusi. Ukapasuliwa. Kidonda kikafunga vizuri, kila mgeni akaonyeshwa ule mstari chini ya sikio. Ila mtu aliyerudi nyumbani Mkuyuni sikumjua. Wewe uliyekuwa ukisikiliza injini ya mtumbwi umefumba macho na kutaja kilichoharibika, sasa ulishika spana, ukaigeuzageuza, ukalia. Ukinuna, ni siku nzima, na hakuna aliyejua kosa lake.

Asubuhi moja ukaniambia, "Shikamoo, mama." Nyumba nzima ikacheka. Mzee kachangamka! Kliniki, daktari akakuuliza mimi ni nani, ukajibu, "Mama yangu." Naye ni mtu wa kwetu. Akauliza jina langu ni la nani, akaambiwa la bibi, akacheka, akasema kichwa kipo sawa. Mimi niliona macho yako hayana utani. Nikasema. Nani alinisikiliza? Shangazi akaniambia nina kiburi, baba ananiheshimu nami nalalamika.

Mpaka ulipoanza kunitukana. "Uliniacha Kamanga, ukapanda kivuko, hata hukugeuka!" Ukanirushia sahani ya ugali, eti huli chakula cha mwanamke aliyetupa mtoto akaenda kuolewa mjini. Ndipo wakaacha kucheka. Miaka yote hukumwambia mtu, hata dada yako wa mama mwingine, kwamba bibi alikuacha pale ng'ambo ukiwa mdogo. Ulimchukia vile, halafu ukanibandika jina lake! Mtu gani anamfanyia mwanawe hivyo?

Tuliporudi kliniki, daktari yule yule akasema wapo wanaobadilika akili na hasira baada ya operesheni ile, na kwamba pengine ubongo ulikuwa umekosa damu ya kutosha muda mrefu. Alisema kwa upole sana. Upole wake sikuutaka. Ningeutaka siku ile alipocheka.

Kila asubuhi uliniamkia, ukasubiri niitikie. Sikuitikia. Mtoto hamwitikii baba yake marahaba, na kama ningeitikia, ningekuwa nimekubali kwamba binti yako hayupo tena. Nilikujibu, "Shikamoo, baba," nawe ukageukia ukutani. Hata siku ya mwisho. Shangazi anasema ningekuitikia tu, ungekufa kwa amani. Amani ya nani? Mimi nilikuwa nimekaa pale nakufuta mdomo, nasubiri uniite mama kama zamani, kwa utani, hata mara moja.

Hukuniita. Ulikufa umemkasirikia yeye, na matusi yake yamebaki kwangu. Nikipita karibu na kivuko nayasikia. Niyapeleke wapi, baba?

Basi, lala. Kaburi lako halitaota majani, nitalipalilia mwenyewe, na hasira ikiniisha nitakuja kukwambia. Bado haijaisha.

Ila mtoto huyu hatachukua jina lako. Shangazi atalia, ukoo utakaa vikao, wacha wakae. Sitamwita mwanangu baba. Nitamtafutia jina ambalo hajazikwa nalo mtu yeyote kwetu, ili hata kama siku moja kichwa changu nacho kitaharibika, nikimwita ajue namwita yeye.

Binti yako,
Kabula