Ngoma za Trevor

London, 9 Februari 1986

Mama mpenzi,

Nakusalimu sana. Mimi mzima, ila chumba hiki kina baridi ya kugandisha mate. Goti lako linasemaje?

Bahati imetuangukia: kampuni itatutolea santuri nzima ya bendi yetu, Jumapili Kavu. Tatizo ni Trevor na ngoma zake. Fundi wa studio anasema ana pupa, wimbo unaanza polepole unaishia mbio. Basi akamwambia apige kila ngoma mara moja moja, "tunapima sauti tu", kumbe anazirekodi azitie kwenye mashine. Sasa mashine ndiyo inayopiga, tena kwa milio ya ngoma za Trevor mwenyewe. Hajui. Nimemwambia aje huko apumzishe mkono mpaka nimwite. Mtunze, Mama, na usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe.

Mwanao,
Adrian

Grimsby, 23 Februari

Mwanangu Adrian,

Goti halijambo, asante kwa kuuliza. Kinachoniuma ni hasira.

Trevor kafika. Analala chumbani kwako, kitanda kile kile nilichompa akiwa bado mdogo, mama yake alipomkimbia. Nikirudi kiwandani, mikono inanuka samaki, namkuta anapiga mito kwa vijiti. "Adrian akiniita, Mama Brenda, nisije nikamwaibisha." Mimi nageuka nakoroga chai, nisimtazame usoni. Umenifanya mwongo ndani ya nyumba yangu! Mwambie.

Mama yako

London, 30 Aprili

Mama,

Nisamehe kwa kukaa kimya, na natumaini hujambo. Kila nikianza kumwandikia, naichana karatasi. Nitamwandikia nini, Mama? Yule ni ndugu yangu. Afadhali nimwambie uso kwa uso, tukija kupiga huko Juni.

Mwanao,
Adrian

Grimsby, 18 Mei

Mwanangu,

Mimi nipo, usingizi ndio haupo.

Trevor kainunua santuri yenu. Kakaa sakafuni kaisikiliza, mara karuka juu: "Mama Brenda, mimi huyo! Ngoma yangu naijua hata nikiwa usingizini! Wametumia nilizopiga kabla sijaja." Kazunguka nayo mtaa mzima, na kule baa wamemnunulia bia. Jina lake halipo kwenye jalada. Anasema mchapaji kasahau, eti watu hao wazembe. Tena keshapeleka shati kwa dobi, la kuvaa jukwaani Juni. Adrian, nakusihi kwa jina la marehemu baba yako, piga simu kesho.

Mama yako

London, 20 Juni

Mama,

Sithubutu hata kuuliza hali yako, maana ulikuwepo ukumbini, ulijionea. Alisimama chini ya jukwaa na lile shati jeupe, anaitazama mashine juu ya kiti chake cha ngoma. Watu wanapiga kelele, "Trevor yuko wapi?" Ningeweza kushuka, Mama. Nikaanza wimbo.

Jana bendi imekufa. Hazel wa gitaa la besi kafunga virago, kasema hawezi kupiga muziki na mtu kama mimi. Hata mwaka hatujamaliza tangu tutoe wimbo wa kwanza. Nakuja Jumamosi kumpigia Trevor magoti. Mwambie anisubiri.

Adrian

Grimsby, 25 Juni

Adrian mwanangu,

Sijambo kwa mwili tu.

Trevor aliondoka asubuhi yake, baada ya onyesho. Alitandika kitanda, akaosha kikombe chake. Mlangoni nikamuuliza anakwenda wapi, naye akaniuliza, "Mama Brenda, na wewe ulijua?" Nikamwambia nilijua. Akanikumbatia akaenda zake. Laiti angenitukana. Nimeuliza kwa baba yake, nimeuliza stesheni, hakuna aliyemwona.

Njoo Jumamosi, chakula kitakuwepo, wewe ni mtoto wangu. Wa kupigiwa magoti ndiye hayupo. Nilikuwa na watoto wawili, Adrian, ukanitaka nichague. Nikakuchagua wewe, na kila nikiamka najuta.

Mama yako