Musyoka, Ukumbi Umepata Bajeti

Musyoka, rafiki yangu,

Imepita! Kaunti imekubali! Programu yetu ya michezo ya kuigiza imo ndani ya bajeti, imeandikwa kwa jina lake kabisa, na ukumbi unabaki kuwa ukumbi. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nyuma ya jukwaa, hapa hapa Dagoretti Corner. Onyesho ni leo alasiri. Nimeshajifunga kitenge cha mke wa chifu ninayemwigiza, watu wameanza kuingia, nawasikia wakivuta viti, na naandika mbio. Lakini siwezi kutoka mbele yao kabla sijakueleza. Vumilia mwandiko.

Ulipotuacha, tulikuja Jumamosi kama kawaida, tukakaa tu. Hakuna aliyejua aanze wapi. Baadaye wengine wakaacha kuja, na sikuwalaumu. Mimi nilikuwa nasoma maneno yako na yangu pia, nauliza kama chifu, najijibu kama mkewe, mpaka mama wa chai akaniuliza kama niko sawa. Sikuwa sawa, Musyoka. Nikifika kwa ile sehemu ambapo wewe hunyamaza kidogo baada ya kuuliza, nami nanyamaza pia, nangoja. Nangoja nani sasa?

Kisha tangazo likabandikwa mlangoni. Kikao cha wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti ya wadi. Kulikuwa na mapendekezo mawili juu ya ukumbi wetu. Moja ni lile uliloliandika wewe ulipokuwa bado na nguvu: paa litengenezwe, taa ziwekwe, watoto na wazazi wafundishwe kuigiza, waigizaji walipwe kitu. La pili ni kwamba ukumbi ugeuzwe stoo.

Ile siku hospitalini, muuguzi anakubadilishia dripu, wewe unaniuliza, "Kaunti wamesema nini?" Nikakwambia bado. Ukasema, "Basi ni wewe utaenda kuwaongelesha." Mimi nilicheka. Wewe hukucheka.

Na ulinijua vizuri. Nipe maneno ya mtu mwingine, nitasimama mbele ya uwanja mzima. Nikiambiwa niseme yangu, natafuta mlango. Ndiyo maana tulikuwa tunafanya mazoezi hata njiani. Si unakumbuka siku ile Muthangari, tunatembea huku tukirudia ile sehemu ya ugomvi, nakuambia nimechoka na uongo wako, narudi kwetu? Yule askari wa geti akatoka mbio. "Mama, msamehe tu. Hata mimi wangu nilimkosea." Wewe badala ya kumweleza, ukapiga magoti pale kando ya barabara, ukaniomba msamaha kwa sauti ya chifu! Askari akatushikanisha mikono. Tulifika mbali ndipo tukaanza kucheka, na mimi nililazimika kukaa kwenye ukingo wa barabara.

Sasa siku ya kikao. Ukumbi ulijaa, watu mpaka nje. Mbele aliketi mwakilishi wadi, na karibu naye afisa wa bajeti kutoka kaunti, mama mmoja mwenye miwani, mpole lakini hana mchezo. Jina letu likaitwa. Nikasimama na ile karatasi yako. Nikasoma mstari wa kwanza. Afisa akaniuliza swali moja tu, "Hiki kikundi kinamsaidia nani hasa?"

Swali rahisi, Musyoka. Nilikuwa na majibu mengi. Nikafungua mdomo, nikakuona wewe unafagia maji ya mvua jukwaani ili tuendelee na mazoezi, na machozi yakanitoka mbele ya wadi nzima. Nikakaa chini. Nilijua nimepoteza ukumbi.

Halafu nyuma mtu akakohoa. Kugeuka, ni Mzee Kamau.

Ndiyo, huyo huyo! Landilodi wa zile ghorofa zinazotazama ukumbi, aliyekuwa akifungua dirisha kila Jumamosi: "Zimeni hizo ngoma!" Yule uliyekuwa ukimwinamia kama mfalme, naye anazidi kukasirika. Nikasema moyoni, haya, tumeisha. Amekuja kumalizia.

Akasema, "Mimi ni Kamau. Nina nyumba hapo nyuma. Hawa watu nimelalamika juu yao mpaka hapo kwa ofisi ya wadi wananijua." Watu wakaguna. "Huo mchezo wao wa chifu aliyeuza kisima cha kijiji, nimeusikia nikinywa chai, nikinyoa ndevu, nikigombana na wapangaji. Yule mwanaume wa Ukambani aliyekuwa chifu alikufa. Pole kwao. Sasa huyu mama anasema maneno ya huyo mwanaume mwenyewe." Akaninyooshea kidole. "Na anayakosea!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mimi nikatamani kujificha chini ya kiti. Lakini mzee hakuwa amemaliza. Akavua kofia, akampa jirani amshikie, akanyoosha mgongo. Na akasema, kwa sauti ambayo sijui alikuwa ameificha wapi:

"Nikisimama mbele ya watu hawa, mke wangu, nitawaambia kisima kilijikausha chenyewe?"

Maneno yako, Musyoka. Hata kule kunyamaza kwako mwishoni alikuwa nako.

Nikasimama. Nikasikia sauti yangu ikijibu kutoka pale nilipo: "Waambie ulikuwa na kiu kuliko sisi sote."

Akaja mbele. Nikaenda mbele. Tukaicheza sehemu yote, yeye na kanzu yake ya landilodi, funguo zinalia mfukoni, mimi na macho mekundu. Alipofika pale chifu anapoketi chini kwa aibu, alitafuta kiti, akakosa, akaketi sakafuni. Mzee yule! Hakuna mtoto aliyelia, hakuna simu iliyoita. Tulipofika mwisho wa ile sehemu tulikuwa tunahema wote wawili.

Afisa alikuwa amevua miwani. Akauliza, "Na ikawaje? Alikirudisha kisima?"

Mzee Kamau akajifuta vumbi. "Tengenezeni ukumbi, madam, mje muone."

Wacha nikwambie, zile kelele! Mafundi wa fanicha wa Ngong Road walikuwa wanapiga viti. Mama wa chai alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mwakilishi wadi akaomba utulivu, lakini yeye mwenyewe alikuwa anacheka. Wakapiga kura kwa kuinua mikono, na upande wa stoo sikuona mikono ya kuzungumzia.

Hiyo ilikuwa wadi tu. Ilibidi iende juu, isomwe, ijadiliwe, na mimi nikajizuia kutumaini. Siku bajeti ilipopita nilikuwa kazini Ngara, nimepanda ngazi kumshushia mteja jora la kitambaa. Simu ikalia. Mwakilishi wadi hakunisalimu hata. "Wambui, iko ndani!" Nikapiga mayowe. Bosi akafikiri ni mwizi, akachukua ufagio. Mteja akakimbilia nje. Nikashuka nikamkumbatia bosi pamoja na ufagio wake.

Na jambo la kwanza nililofanya baada ya hapo ni kukutafuta kwenye simu. Kidole kilishafika kwenye jina lako. Nikasimama hapo katikati ya vitambaa, nacheka, nalia, wateja wanapita.

Basi ujue. Tangu siku hiyo kazi imefanyika, na paa ni jipya. Mvua ilinyesha juzi na tukaendelea kuongea, kwa mazoea tukipaza sauti bila sababu. Taa zipo, za kweli, zenye kupofusha macho. Jukwaa limejengwa na wale wale mafundi wa fanicha, na wamekataa watu walipande na viatu vichafu. Wale walioacha kuja wamerudi. Asubuhi kuna watoto, mchana wazazi wao, na wazazi ndio wakorofi. Mzee Kamau ndiye chifu wetu. Bado analalamika kuhusu ngoma, ila siku hizi anataka zipigwe kwa nguvu zaidi anapoingia. Hafanani na wewe. Nilidhani hilo litaniumiza. Wakati mwingine linaniuma. Halafu anasema neno kwa namna yake, nami namjibu kwa namna ambayo sijawahi kulijibu, na mchezo unapumua.

Jana mama yako alinipigia kutoka Machakos. Tuliongea habari za mahindi, za miguu yake. Akaniuliza, "Mwanangu, ile kazi Musyoka alikuwa akifanya huko Nairobi, ilikuwa ni kazi gani hasa?" Hakuwa anakulaumu. Alitaka kujua tu. Nikamwambia aje aone, nitamtumia nauli. Akasema miguu haimfikishi hata kanisani.

Sikulala vizuri, nikifikiria hilo. Leo asubuhi nikawaambia wenzangu, na hawakuningoja nimalize. Mzee Kamau ameshauliza kama uwanja wa kwenu una kivuli.

Kwa hivyo nakuahidi hivi. Shule zikifungwa tutaenda wote, na ngoma zetu, na kisima chetu cha mbao. Tutamwekea mama kiti mbele kabisa. Atacheka pale ulipotaka watu wacheke, na sitamweleza lolote. Ataiona kazi yako mwenyewe, nyumbani kwake.

Ngoma zimeanza, Musyoka. Wananiita. Pumzika, rafiki yangu, mimi naingia.

Wambui