Sauti Iliyokatika Siku ya Pasaka

Papa yangu,

Juzi kazini mwenzangu aliniuliza namna ya kunyamazisha kikaguzi kinacholalamikia programu yake. Nilimjibu kwa ukali hadi akashtuka, maskini, maana swali lake halikuwa na ubaya wowote. Nikatoka nje nikasimama barazani, na hapo ndipo nilipojua kwamba nakulilia wewe.

Unakumbuka ampli yako ya gitaa ilivyoungua? Umeme ulirudi kwa nguvu pale nyumbani Nyalukemba, moshi ukatoka, nawe ukaipiga kofi kama mtu unayemwamsha usingizini. Ulinuna kweli kweli. Nilipokuambia nitakutengenezea nyingine ndani ya kompyuta, ulinitazama kwa huruma.

"Mu ordinateur? Na bouton nitazungusha wapi?"

Lakini ulikubali. Jioni ukitoka karakana ukiwa na vumbi la mbao kwenye nyusi, ulikaa karibu yangu na gitaa mapajani, ukipiga na kusikiliza. "Bado haina chumvi, maman," ulisema, maana hivyo ndivyo ulivyoniita binti yako, nami nikarudi kuandika. Sijawahi kupata bosi msumbufu kama wewe, na sijawahi kufanya kazi kwa raha kama ile.

Sikukueleza sana mambo ya ndani. Programu ya sauti hairuhusiwi kuchelewa. Kila kipande cha sauti kifike kwenye spika kwa wakati wake, la sivyo masikio yanasikia pengo. Ndiyo maana nilitumia kikaguzi: chombo kinachoiangalia programu ikiwa inatembea, na kupiga kelele kila sehemu inayobeba sauti inapofanya jambo linaloweza kuisubirisha. Kilinipigia kelele mahali pamoja tu, pale nilipokuwa nakurekodi kwenye diski. Hukujua kwamba nakurekodi. Vidole vyako vilikuwa vimeanza kuteleza, nami niliogopa kubaki bila kitu.

Dawa niliijua. Kazi ya kuandika kwenye diski ningeipa sehemu nyingine ya programu, isiyo na haraka. Ila Pasaka ilikuwa mlangoni, kwaya inakusubiri, na kikaguzi kina njia ya mkato: unaandika jina la sehemu inayolalamikiwa kwenye faili dogo, nacho kinaifumbia macho. Nikaandika. Nyumbani tulijaribu, sauti ikatoka safi, nawe ukasema sasa chumvi imekolea. Nikaona nimemaliza.

Na papa, wewe pia nilikuwa nakufumbia macho. Kila ulipoteleza kwenye mazoezi ukaniangalia, mimi niliwahi kusingizia waya: "Iko câble, papa, haiko weye." Mara nyingine nilisingizia ampli, mara nyingine baridi ya kanisani. Nilidhani ndiyo heshima.

Siku ya Pasaka kanisa lilijaa hadi nje. Katikati ya wimbo wa matoleo, gitaa likaanza kukatika kama mtu mwenye kwikwi. Nilijua palepale. Diski ilikuwa imezidiwa, na sauti ikawa inaisubiri. Wewe hukuitazama kompyuta hata mara moja. Uliutazama mkono wako wa kushoto. Ulimaliza ubeti, ukavua mkanda, ukalaza gitaa kwenye kiti, ukakaa na kuimba pamoja na wengine.

Nilikukimbilia mlangoni watu wakitoka.

"Papa, haiko weye! Iko programu yangu, nakuapia!"

Ulitabasamu. Afadhali ungenifokea.

"Dimanche ile ya mazoezi ilikuwa câble. Mbele yake ilikuwa ampli. Leo ni programu. Maman, inatosha. Mikono imechoka, na mi nilikuwa najua."

Siku ile nilisema kweli, nawe hukuwa na sababu ya kuniamini, kwa kuwa uongo wangu wote wa zamani ulikuwa na sauti hiyohiyo. Usiku huohuo niliufuta ule mstari kwenye faili, kikaguzi kikaanza tena kelele zake, nikarekebisha kila kitu. Nikakuomba ujaribu mara moja tu. Ulisema, "Tutaona," na kwako neno hilo lilikuwa hapana. Gitaa likaenda kwa kwaya.

Halafu ukaugua. Siku moja niliisikiliza rekodi ya Pasaka, nikashangaa. Ilikuwa nzima. Sauti iliyoingia kutoka gitaani ilikuwa na nafasi ya kungoja zamu yake, iliyokwenda kwenye spika ndiyo haikuwa nayo. Na mikono yako, papa! Hakuna noti hata moja iliyoteleza. Nilikimbia kukuletea kitandani, nikakuwekea ekuta masikioni, nikakaa nikikutazama usoni.

Ulifumba macho. Vidole vikaanza kucheza juu ya blanketi.

"Ile ni ya zamani," ulisema. "Ulitoa wapi? Sikia vile nilikuwa napiga!" Ukamwita mama jikoni: "Mama Nabintu, kuya usikie bwana yako wakati alikuwa bado kijana!"

Mama akaja akasikiliza, akacheka na wewe. Nami neno lilikuwa mdomoni. Lakini ulikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu Pasaka, na niliogopa useme tena "maman, inatosha." Nikasema, "Nilipata tu, papa." Ukaniomba niirudie rekodi. Nikairudia.

Ulikwenda bila kujua. Najuta, papa, na majuto haya hayana mahali pa kukaa. Kwa hiyo sikiliza, ingawa nimechelewa: yule hakuwa kijana. Yule ni wewe, Pasaka ileile, mzee, na mikono uliyodhani imekwisha.

Pumzika, papa. Ni mimi binti yako,
Nabintu