Tembe ya Jumatatu

Jumatatu, 6 Januari
Tembe ya mifupa nimemeza kabla ya adhana, glasi nzima ya maji matupu. Chai ningoje nusu saa. Nikaswali alfajiri kama kawaida. Sijda ya kwanza tu, moto kifuani. Dawa za kulinda figo niliyopandikizwa zinakula mifupa. Hii ya kulinda mifupa inanichoma. Kwani mimi nitalindwa na nani?

Jumanne, 14 Januari
Jana nimeungua mpaka machozi. Tembe ni moja kwa wiki, lakini inaniharibia siku nzima. Nimeichukia.

Jumatatu, 20 Januari
Leo sijameza. Nimekula mahamri na chai ya tangawizi, kifua shwari. Kaka yangu Twalib amepiga simu kutoka Longonot. Yeye ndiye aliyenipa figo. Kila Jumatatu ni swali lile lile, nimemeza? Nimesema ndiyo. Figo amenipa, sawa. Hajanunua koo langu.

Jumatatu, 3 Februari
Wiki ya tatu bila tembe. Nimemdanganya tena. Naona haya, lakini siungui.

Ijumaa, 7 Februari
Nimefua zulia. Kuliinua niliweke kwenye kamba, mgongo ukalia ka! Nimeanguka magoti hapo hapo uani. Mama Shiro, jirani, ndiye amenishika mkono. Siwezi kuinama. Hata kupiga chafya naogopa. Wallahi naogopa.

Jumatatu, 10 Februari
Picha imetoka. Pingili moja ya mgongo imebonyea. Mifupa imekuwa laini, na zingine zitafuata nikiacha hivi hivi. Twalib alikuwa hapo kliniki. Ilibidi niseme yote mbele yake. Hakunigombeza, alitazama dirisha tu. Afadhali angenigombeza.

Sista, muuguzi wa pale, akauliza kama huwa nalala nikishameza. Nikamwambia silali, naswali. Akaweka kalamu chini.

"Na ukisujudu, mathe, kichwa kiko wapi?"

Chini.

"Basi dawa inapanda kooni. Swali kwanza. Halafu meza, ukae wima."

Hiyo tu! Ningeuliza Januari ningejibiwa Januari. Nimekasirika, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe. Daktari amesema nipumzishe koo, kisha nianze tena. Ikichoma nisinyamaze, kuna ya sindano. Kuhusu sijda, nikae kwenye kiti kwanza. Mpaka lini, hajasema.

Jumatatu, 24 Februari
Twalib amelala kwangu. Tumeswali alfajiri pamoja, yeye mbele, mimi nyuma kwenye kiti. Paji lake limegusa mkeka. Langu limeishia hewani. Nimelia kidogo, kimya kimya.

Kisha akanimiminia maji. Hakuuliza chochote. Amesimama hapo akiniangalia mpaka nimemeza. Nimestahili.

Nusu saa imepita. Kifua hakichomi.