Tulikuwa Pamoja Siku Nzima

Amagoro,
Jumapili, 9 Machi 2025

Mdogo wangu mpendwa Akiteng,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba baridi ya Nakuru imewahurumia. Sisi hatujambo, mama naye anakusalimu. Usicheke kwamba dada yako anaandika kwa kalamu zama hizi za simu. Kwenye simu ningeandika na kufuta mpaka nichoke.

Nikikukumbuka ulivyokuwa mdogo hucheka peke yangu. Ulikuwa unajaza simsim mdomoni, mama akikuita unaitikia kwa pua, ukidhani hajui. Tulilala mkeka mmoja, ukinipiga mateke nami nikikufinya. Jioni kazi yetu ilikuwa kuwapelekea wazee maji ya moto ya kuongeza kwenye chungu cha ajono, pombe yao ya wimbi, nao wameketi mviringo na mirija yao mirefu, wakitutania tukipita. Nilizipenda sana jioni zile. Hata sasa nazipenda, na hilo ndilo linalonitesa.

Unajua kazi yangu hapa ofisi ya watoto. Nawahoji watoto wanaodhaniwa wametendewa mabaya, mwaka wa nane sasa. Mtoto haulizwi mbele ya mtu anayemwogopa. Hatiliwi jibu mdomoni. Wala haulizwi jambo lilelile tena na tena, maana hudhani jibu la kwanza lilikuwa kosa, akalibadilisha. Baada ya hapo unaketi chini naye, unangoja. Mimi na mdomo wangu huu nimejifunza kungoja, ungeniona ungeshangaa.

Mwezi jana waliletwa wasichana wawili, ndugu wa tumbo moja. Majina yao sitakuandikia, si ruhusa. Mdogo, wa miaka saba, alieleza yaliyompata Jumamosi moja mikononi mwa jamaa yao. Alieleza polepole, akichorachora sakafuni kwa kidole. Mkubwa, wa miaka kumi na mmoja, nilimhoji peke yake, akasema haiwezekani, walikuwa pamoja siku nzima. Alisema haraka kama mtu aliyekariri. Mwenzangu Barasa akaona maneno hayapatani, akataka tufunge faili. Nikamwomba siku moja zaidi.

Kesho yake nilimwambia yule mkubwa kwamba katika chumba kile hakuna anayechapwa kwa sababu ya mahali alipokuwa. Kisha nikangoja. Chai yake ikapoa, ndipo akalia, akasema alitoroka kwenda kuona mpira Malaba, na alikuwa ameachiwa mdogo wake amwangalie. Barasa akaniuliza nilijuaje. Nikatoka nje nikaegemea ukuta.

Nilijua kwa sababu hata mimi nilisema hivyo, Akiteng.

Unakumbuka walivyokuuliza. Wazee wameketi kwenye chungu, Ochom binamu wa baba yuko papo hapo na mrija wake, na wewe umesimama na birika la maji ya moto ambalo hakuna aliyekupokea. Baba alikuuliza mara tatu kama kweli ni yeye. Mama akakuambia usiiaibishe nyumba. Halafu nikaitwa mimi, nikasema tulikuwa pamoja siku nzima na hakuna mtu aliyekuja. Ukaniangalia tu. Tangu siku hiyo ukaitwa mwongo, na jina hilo likafanywa utani wa nyumbani, nami nikacheka pamoja nao.

Hatukuwa pamoja. Nilikuwa nimevuka mto na rafiki yangu Brendah kwenda upande wa Uganda kula fenesi. Mama alikuwa amenikataza, nami niliogopa fimbo. Ni hilo tu, natamani ningekuwa na sababu kubwa zaidi. Niliporudi nilikukuta nyuma ya jiko, huongei. Nilijua kuna jambo, na bado nilikunawisha uso ili mama asije akauliza nilikuwa wapi. Tangu umalize shule umekuja mara moja tu, kumzika baba, ukarudi jioni ileile. Watu wakiniuliza, huwaambia kwamba Nakuru ni mbali.

Jumatatu nilimweleza mama yote. Alikuwa anapepeta simsim, akaweka uteo chini, akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Ochom alipokuja Jumanne kama kawaida yake, mama alimrudisha langoni, akamwambia asikanyage tena. Jina lako hakulitaja, kwa kuwa hayo ni yako kuyasema au kuyaacha. Mimi nimeandika taarifa ya niliyoyaficha, nikatia sahihi, nayo iko ndani ya bahasha hii. Ukitaka twende nayo polisi, nitasimama niseme. Ukitaka kuichoma, ichome.

Sikuandikii ili unisamehe. Ulisema kweli siku ile, na ulikuwa na haki ya kulisikia neno hilo kutoka kwangu miaka mingi iliyopita.

Mama hakuombi urudi. Ameniagiza nikuulize kama yeye anaweza kuja kwako. Anasema hatakuuliza kitu. Atakaa jikoni mwako, na siku utakayotaka kusema atakuwa yupo. Usipotaka, atakunywa chai yako arudi.

Wabusu watoto kwa niaba yetu, na umsalimu baba yao.

Ni mimi dada yako,
Alaso